Ukihamisha Kanzidata, Hamisha na Wenye Ruhusa Nayo

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kazi inayofanyika usiku, mara nyingi mwishoni mwa wiki, na ambayo wengi wetu hatuijui mpaka tunapofika kwenye dirisha la benki, hospitali au ofisi ya maji tukaambiwa mtandao unasumbua. Ni kazi ya kuhamisha kanzidata kutoka seva ya zamani kwenda seva mpya. Ndani ya kazi hiyo ipo sehemu moja inayodharauliwa kupita kiasi, nayo ni kuhamisha akaunti za watumiaji: nani anaruhusiwa kuingia, kwa neno gani la siri, na akishaingia aguse nini. Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba akaunti hizo ni sehemu ya data yenyewe, sawa na majedwali ya wateja na ankara zao. Anayezifanya kiporo cha kumaliziwa asubuhi hujikuta analazimika kugawa ruhusa kubwa kuliko zinazohitajika ili kazi zisisimame, na ruhusa ikishatolewa kwa dharura ni nadra sana mtu kurudi kuipunguza. Madhara yake hayaonekani siku ile. Huja baadaye, na huwaangukia watu ambao taarifa zao zimo humo.

Kwanza tutazame kwa nini taasisi huhama. Seva huzeeka, ofisi hukua, na zaidi ya yote programu za kanzidata zina umri wake. Microsoft ilisitisha msaada wa SQL Server 2008 tarehe 9 Julai 2019, toleo la 2012 tarehe 12 Julai 2022, na toleo la 2014 tarehe 9 Julai 2024. Tarehe ya mwisho ya toleo la 2016 ni 14 Julai 2026. MySQL 5.7, iliyo chini ya kampuni ya Oracle, ilifikia mwisho wake mwezi Oktoba 2023, na wanaoitunza PostgreSQL hulihudumia kila toleo kubwa kwa miaka 5. Msaada ukikoma, marekebisho ya usalama hayaji tena bure, na mianya inayogunduliwa inabaki wazi. Kwa hiyo kuhama si tukio la mara moja katika maisha ya ofisi. Ni kazi itakayorudi kila baada ya miaka michache, kwa kila anayetunza kumbukumbu kwa kompyuta, awe serikalini au kwenye chama cha ushirika. Kazi ya namna hiyo inastahili kuwa na utaratibu unaoeleweka, usiotegemea kumbukumbu ya mtu mmoja wala bahati ya usiku mmoja.

Sasa tuingie ndani, na tuichukue SQL Server kama mfano wetu mkuu. Programu hii humtambua mtu katika ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni ya seva nzima: hapo ipo akaunti ya kuingilia, na kumbukumbu yake hukaa katika kanzidata maalumu ya mfumo iitwayo master. Ngazi ya pili ni ya kila kanzidata: hapo yupo mtumiaji, ambaye ndiye aliyepewa ruhusa ya kusoma jedwali hili au kubadilisha lile. Akaunti na mtumiaji huunganishwa kwa namba ndefu ya utambulisho, SID, wala si kwa jina. Ni kama watu wawili wanaoitwa Juma Hamisi: majina ni yale yale, lakini namba za vitambulisho vyao vya taifa ni tofauti, na benki haiwezi kumfungulia mmoja akaunti ya mwenzake eti kwa kuwa majina yao yanafanana. Msimamizi anapochukua nakala rudufu ya kanzidata na kuirejesha kwenye seva mpya, watumiaji huja nayo kwa sababu wamo ndani yake. Akaunti za kuingilia haziji, kwa sababu zilikuwa katika master ya seva ya zamani. Na akizitengeneza upya kwa majina yale yale, seva mpya huzipa namba mpya. Watumiaji waliokuja na kanzidata wanabaki wakielekea namba ambazo seva mpya haijawahi kuzisikia. Wataalamu huwaita watumiaji yatima, na jina hilo limewakaa sawasawa.

Hebu tulitazame jambo hili kwa karibu, kama linavyojitokeza kwenye skrini. Chukulia akaunti inayoitwa ripoti, inayotumiwa na programu ya kutoa taarifa za mapato ya kila siku. Kanzidata imerejeshwa salama, hesabu ya mistari ya kila jedwali inalingana na ya zamani, akaunti ya ripoti imetengenezwa upya kwa neno lile lile la siri. Programu inajaribu kuingia, na inarudishiwa kosa namba 18456, kwamba kuingia kumeshindikana. Msimamizi anafungua kanzidata ili amwongeze mtumiaji ripoti, na seva inamjibu kwa kosa namba 15023, kwamba mtumiaji huyo tayari yupo. Kwa mtu asiyeijua SID hayo ni majibu yanayopingana: kwanza unakataliwa kuingia, kisha unaambiwa upo. Kumbe majibu yote mawili ni ya kweli. Yupo mtumiaji, lakini hana akaunti inayomwelekea. Wapo wanaoamua kumfuta mtumiaji huyo na kumtengeneza upya, na hapo ruhusa zake zote alizojengewa kwa miaka zinafutika naye. Na kama mtumiaji huyo anamiliki sehemu ya kanzidata, seva inakataa kabisa kumfuta.

Kosa namba 18456 lenyewe lina siri yake. Seva humwonyesha mtumiaji ujumbe mmoja wa jumla, kwa makusudi, ili mvamizi asijue amekosea wapi. Sababu halisi huandikwa kwenye kumbukumbu za makosa za seva, kwa namba ya hali. Hali namba 5 maana yake ni kwamba akaunti hiyo haipo kabisa. Hali namba 8 maana yake akaunti ipo ila neno la siri si sahihi. Hali namba 38 maana yake akaunti imekubaliwa lakini imeshindwa kuifungua kanzidata iliyoombwa, na ndiyo hali anayoweza kuisababisha mtumiaji yatima. Maradhi ni matatu, dalili inayoonekana kwa nje ni moja, na kila moja lina dawa yake. Tena dawa ya yatima ni nyepesi: amri moja ya ALTER USER humfunga mtumiaji wa zamani kwenye akaunti mpya, na ruhusa zake zote zinabaki palepale. Lakini dawa nyepesi haimfai mtu asiyejua anaugua nini, na saa kumi ya alfajiri, foleni ikikaribia kuanza, ni wachache wanaokumbuka kufungua kumbukumbu za makosa.

Asidhani mtu kwamba hili ni tatizo la bidhaa ya kampuni moja. Kwenye PostgreSQL, watumiaji ni wa usakinishaji mzima, si wa kanzidata moja. Chombo kinachotumiwa na wengi kuchukua nakala, pg_dump, hubeba kanzidata moja bila watumiaji hao. Nakala ikirejeshwa kwenye seva ambayo haina watumiaji hao, amri za kuwarudishia wenyewe majedwali yao hushindwa, na majedwali hubaki mikononi mwa yule aliyerejesha nakala. Data ipo yote, lakini programu iliyokuwa ikiimiliki haiwezi kuigusa. Dawa yake ni chombo cha pili, pg_dumpall, chenye chaguo la kutoa watumiaji na mambo mengine ya pamoja peke yake. Kwenye MySQL, akaunti hutambulika kwa jina pamoja na anwani ya kompyuta anayotokea mtumiaji. Ukihamisha na seva ya programu ikapata anwani mpya, jina lile lile na neno lile lile la siri linaweza kukataliwa. Isitoshe, MySQL 8.0 iliyotoka mwaka 2018 ilibadilisha njia ya kawaida ya kuhakiki maneno ya siri, toleo la 8.4 likaizima njia ya zamani mpaka uiwashe mwenyewe, na toleo la 9.0 likaiondoa. Mifumo mitatu, iliyotengenezwa na watu tofauti, inatupa funzo moja: nakala ya data si nakala ya wenye ruhusa ya kuitumia.

Hapa ndipo ninapofikia kiini cha hoja yangu. Kama madhara yangekuwa saa mbili za usumbufu, tungevumilia. Hatari iko kwenye njia ambayo watu huipita kutoka kwenye usumbufu huo. Simu zinaita, mkurugenzi anauliza, wahasibu wamekaa wanasubiri. Ipo njia ya mkato inayofanya kazi kila mara: ipe akaunti ya programu uanachama wa kundi la sysadmin, lile lenye uwezo wote juu ya seva, au elekeza programu itumie akaunti kuu ya sa. Mara moja kila kitu kinafunguka, makosa yanakwisha, kila mtu anashukuru. Programu ya ripoti, iliyostahili kusoma majedwali matatu tu, sasa inaweza kufuta kanzidata nzima, kutengeneza akaunti mpya na kusoma mishahara ya kila mtu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayenyamazisha kelele za asubuhi moja kwa kugawa uwezo wote amejiwekea kilio kikubwa zaidi, kwa sababu siku programu hiyo itakapoingiliwa na mhalifu, mhalifu atarithi kila kitu ilichopewa.

Hilo si jambo la kubuni. Mwezi Mei 2002 kirusi kilichoitwa SQLsnake kilisambaa kwenye intaneti kikizitafuta seva za SQL Server ambazo akaunti ya sa ilikuwa haina neno la siri. Hakikuhitaji ufundi mkubwa. Kiliingia kupitia mlango uliokuwa wazi na kupata uwezo wote, kwa sababu akaunti ile ilikuwa na uwezo wote. Akaunti yenye ruhusa ya kusoma jedwali moja isingekipa nafasi hiyo hata kama neno lake la siri lingejulikana. Siku hizi sheria nazo zimelitambua jambo hili. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hizi zinamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde dhidi ya kufikiwa na wasioruhusiwa. Taasisi iliyogawa ruhusa ovyo usiku wa kuhama, kisha ikakaa nazo miaka mitatu, itajieleza vipi mbele ya mdhibiti? Kusema tulikuwa na haraka hakumfai mgonjwa ambaye taarifa zake zimesomwa na mtu asiyestahili.

Kuna ushahidi mwingine kutoka Uingereza ambao unatufundisha kuhusu kuhama kwa ujumla. Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB, yenye wateja milioni 5.2, ilihamisha taarifa zao kwenda mfumo mpya. Wasimamizi wa sekta ya fedha waliochunguza walieleza kwamba data yenyewe ilihama salama. Kilichoanguka ni huduma: matawi, simu, intaneti na programu za simu za mkononi vyote viliathirika, na benki haikurudi katika hali ya kawaida mpaka Desemba mwaka huo. Ililipa wateja fidia ya pauni milioni 32.7, na mwezi Desemba 2022 ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Sisemi kwamba chanzo kilikuwa akaunti za kanzidata, maana mfumo ule ulikuwa na matatizo yake, na moja lilikuwa kupimwa isivyotosha. Ninachochukua pale ni kipimo. Tumezoea kuuliza kama data imefika yote. Swali hilo ni la lazima, ila halitoshi. Data inaweza kufika yote hadi senti ya mwisho, na mwenye haki nayo akashindwa kuifikia.

Basi njia iliyo sahihi ni ipi? Ni kuibeba akaunti ikiwa na utambulisho wake wote: jina lake, SID yake ya asili, na neno lake la siri katika umbo ambalo seva hulihifadhi. Ieleweke kwamba seva haihifadhi neno la siri lenyewe. Hulipitisha kwenye fomula ya hisabati inayoligeuza kuwa mfuatano wa tarakimu usiorudishika nyuma, na mfuatano huo huitwa heshi. SQL Server inakubali kutengeneza akaunti mpya kwa kupewa heshi na SID moja kwa moja. Microsoft yenyewe imechapisha kwa miaka mingi programu ndogo inayoitwa sp_help_revlogin, ambayo husoma akaunti za seva ya zamani na kuandika amri za kuzitengeneza upya, tarakimu kwa tarakimu. Kipo pia chombo cha bure katika mkusanyiko wa dbatools, Copy-DbaLogin, kinachobeba akaunti pamoja na makundi na ruhusa zake. Akaunti zikitangulia namna hiyo, kanzidata ikifuata nyuma yake, watumiaji hukuta namba zao zinawangoja na hakuna anayekuwa yatima. Mwenye programu hahitaji kubadilisha neno lolote la siri.

Hata hivyo chombo hakifikirii kwa niaba ya mtu. Anayetumia njia yoyote kati ya hizo lazima ahakiki mwenyewe mambo yanayosahaulika: uanachama wa makundi ya seva, ruhusa zilizotolewa katika ngazi ya seva, kanzidata ambayo akaunti huanzia, na kazi za usiku zinazoendeshwa kwa jina la akaunti fulani. Akaunti ambayo kanzidata yake ya kuanzia haipo kwenye seva mpya inaweza kugoma kuingia ingawa neno la siri ni sahihi. Azingatie pia matoleo: toleo la 2012 lilihamia kwenye heshi ya SHA-512, kwa hiyo heshi za zamani zinaweza kupanda kwenda toleo jipya lakini za toleo hilo haziwezi kushuka kwenda toleo la 2008. Na mwisho apime, tena apime kwa akaunti za kawaida. Msimamizi anayejaribu mfumo kwa akaunti yake yenye uwezo wote hajajaribu chochote, maana kwake milango yote iko wazi tangu mwanzo. Jaribio la kweli ni kuingia kama ripoti, kusoma kile ambacho ripoti inaruhusiwa kusoma, kisha kujaribu kufanya kile ambacho haikuruhusiwa na kuona ikikataliwa. Nusu hii ya pili huachwa na wengi, nayo ndiyo inayothibitisha kwamba ruhusa zimehama bila kuongezeka.

Yapo mapingamizi, na ni haki yajibiwe. La kwanza linasema: kwa nini tuhangaike na heshi za zamani, si tumpe kila mmoja neno jipya la siri na tuanze ukurasa mpya? Pingamizi hili lina nia njema, kwa sababu maneno ya siri ya miaka kumi yanapaswa kubadilishwa. Tatizo lake ni wakati. Neno la siri la akaunti ya programu halikai kichwani mwa mtu. Limeandikwa kwenye faili za programu, kwenye kazi zinazojiendesha usiku, kwenye kompyuta ya tawi la mbali, na mara nyingine kwenye mfumo wa kampuni nyingine unaovuta taarifa mwisho wa mwezi. Ukilibadilisha usiku ule ule unaobadilisha seva, kisha kitu kikagoma, hujui kilichokigomesha ni kipi. Na kile kinachotumika mara moja kwa mwezi kitagoma wakati kila mtu ameshasahau kwamba mlihama. Hamisha kwanza akaunti kama zilivyo, hakikisha kila kitu kinakwenda, kisha panga siku ya kubadilisha maneno ya siri moja baada ya jingine. Mabadiliko yale yale, yakifanywa moja moja, yanajieleza.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa usalama, nalo ni zito: faili lenye heshi za maneno ya siri ya ofisi nzima ni hatari, likivuja mtu anaweza kukaa nalo na kukisia maneno dhaifu mpaka ayapate. Ni kweli tupu, wala sina nia ya kulipunguza uzito. Faili hilo ni siri kama maneno yenyewe. Lisitumwe kwa barua pepe, lisiachwe kwenye kompyuta ya pamoja, lisiwekwe kwenye flashi inayozunguka ofisini. Litengenezwe, litumike, lifutwe siku ile ile, na anayelishika ajulikane. Lakini tulinganishe na mbadala wake. Asiyebeba heshi atalazimika kuyakusanya maneno ya siri yenyewe, yakiwa wazi, kwa kuwauliza watu na kuyaandika kwenye karatasi au jedwali la kompyuta. Ni heri siri iliyosagwa ikahama kwa saa moja chini ya ulinzi kuliko siri iliyo wazi ikatembea wiki nzima mikononi mwa watu watano. Vyombo vinavyohamisha akaunti moja kwa moja kutoka seva hadi seva huondoa hata hilo faili la katikati.

Pingamizi la tatu ninaliona kuwa la msingi zaidi: kubeba kila akaunti kama ilivyo si ni kubeba na uozo wake? Kwenye seva iliyokaa miaka kumi kuna akaunti za waliostaafu, za mkandarasi aliyemaliza mkataba, za programu iliyokwisha kuzimwa, na za wale waliopewa sysadmin katika dharura ya kuhama kwa mara iliyopita. Ninakubaliana na pingamizi hili, na kwangu ni hoja ya kuanza kazi mapema. Wiki kadhaa kabla ya kuhama, seva ya zamani iwekwe katika hali ya kuandika kila anayeingia. Akaunti zinazoingia zinajulikana kuwa hai. Zisizoingia zitafutiwe wenyewe. Yenye mashaka isifutwe, ihamishwe ikiwa imezimwa, ili mwenyewe akijitokeza mwisho wa mwezi iwashwe kwa amri moja badala ya kujengwa upya kwa kubahatisha. Akaunti yenye uwezo mkubwa kupita kazi yake ipunguzwe kwenye seva ya zamani, kabla ya usiku wa kuhama, ili ikilalamika ijulikane sababu. Kuhama ni nafasi adimu ya kuuliza swali ambalo siku za kawaida halina mwulizaji: huyu anaingia humu kwa kazi gani?

La nne linasema teknolojia imeshalimaliza tatizo. Ofisi inayotumia akaunti za Windows zinazosimamiwa na Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji wa ofisi nzima mahali pamoja, haina shida ya SID, kwani namba hutolewa na mfumo huo na ni ile ile kwenye kila seva. Tangu mwaka 2012 SQL Server inaruhusu pia kanzidata inayobeba watumiaji na maneno yao ya siri ndani yake, na toleo la 2022 limeleta makundi ya seva yanayosambaza akaunti zenyewe kutoka seva moja hadi nyingine. Haya ni maendeleo ya kweli, na anayeweza kuyatumia ayatumie. Tena yanaithibitisha hoja yangu, kwa sababu watengenezaji wenyewe wanauelekeza mfumo kwenye wazo kwamba utambulisho usafiri na data. Hata hivyo hayamwondolei mtu wajibu. Akaunti ya Windows bado lazima iorodheshwe kwenye seva mpya na ipewe ruhusa za ngazi ya seva. Programu nyingi zinazotumika maofisini ziliandikwa kwa akaunti za jina na neno la siri, na zitaendelea hivyo kwa miaka. Na hakuna teknolojia inayojua kwamba mkandarasi fulani alimaliza mkataba wake.

La mwisho ni la ofisi ndogo: sisi tuna fundi mmoja, ndiye anayetengeneza printa na ndiye anayetunza seva, tutapata wapi muda wa yote haya? Ninaielewa hali hiyo, na kwa sababu yake ninasema ofisi ndogo ndiyo inayohitaji utaratibu huu zaidi. Shirika kubwa likikosea lina watu kumi wa kuamka usiku. Ofisi yenye fundi mmoja haina mtu wa pili, na kichwa chake kikiwa ndiyo rejista ya akaunti, siku akiugua au akipata ajira kwingine rejista imeondoka naye. Kazi yenyewe si kubwa kama inavyotisha. Seva ya ofisi ndogo inaweza kuwa na akaunti ishirini au thelathini, na orodha ya hizo, mwenye kila moja na kazi yake, huandikika kwa siku moja au mbili. Kinachokosekana mara nyingi ni ruhusa ya bosi kwamba siku hizo zitumike kwa kazi ambayo mteja hataiona.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa viongozi kabla ya mafundi. Mpango wa kuhama ukiletwa mezani, tafuteni ndani yake orodha ya akaunti. Kama haimo, mpango haujakamilika, urudisheni. Ulizeni nani amethibitisha kila akaunti, lini zitapimwa, na kwa akaunti ya nani. Msiweke saini ya kupokea kazi mpaka mwone matokeo mawili: kwamba kila anayestahili ameingia, na kwamba asiyestahili amekataliwa. Baada ya wiki mbili itisheni orodha ya wenye uwezo wote juu ya seva mpya mkailinganishe na ile ya zamani. Ikiwa imerefuka, kuna ruhusa za dharura zilizobaki, na mnao wajibu wa kuziondoa kabla hazijazoeleka. Wananchi wametukabidhi majina yao, magonjwa yao, madeni yao na ardhi zao wakiamini kwamba tunajua ni nani anayezitazama. Kila tunapohama, imani hiyo huwekwa rehani kwa usiku mmoja, na ni juu yetu kuirudisha nzima.